Jinsi ya Kuandika Maana za Majina ya Kigaeli ya Milima, Mabonde na Maji ya Uskoti

Nililelewa karibu na Thogoto, pale Kikuyu, na nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba jina hilo ni neno "Scot" lililopita vinywani mwa Wakikuyu. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walijenga hapo, na kwa kuwa lugha ya Kikuyu haina sauti ya s, wenyeji walilitamka walivyoweza na jina likakaa. Miaka mingi baadaye nilihamia Inverness kikazi, na siku moja nikapita kijiji cha Drumnadrochit kando ya ziwa la Loch Ness. Jirani yangu, mzee mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, aliniambia kwamba kilichoandikwa kwenye kibao cha barabarani ni kile alichosikia Mwingereza. Yeye husema Druim na Drochaid, mgongo wa daraja. Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu ya Thogoto.

Tangu siku hiyo nakusanya majina ya vilima, vijito na mabonde yaliyo katika Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti aliyolelewa nayo mzee huyo, na kuandika maana zake kwa Kiswahili. Mwongozo huu ni kwa Mswahili anayeishi Uskoti, au anayekuja kutembea, au anayependa lugha tu, na anataka kazi yake iwe ya kutegemewa na mtu mwingine. Sharti moja naliweka mwanzo kabisa: maana iandikwe mwisho. Itangulie sauti, yafuate maandishi ya zamani, kisha mahali penyewe. Anayeanza na kamusi hupata jibu upesi, na mara nyingi jibu hilo ni la jina jingine.

Anza na bonde moja

Usijitwike Uskoti nzima. Chukua bonde moja, au ufuo wa ziwa moja, au eneo ambalo unaweza kulimaliza kwa miguu kwa siku mbili. Tafuta ramani ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo sentimita nne ni kilomita moja. Ina majina ya vijito na vilima vidogo ambavyo ramani ya 1:50,000 mara nyingi huviruka.

Kila jina lipe namba yake ya gridi: herufi mbili, kisha tarakimu za mashariki, kisha za kaskazini. Kilele cha Ben Nevis, kwa mfano, ni NN 166 712, na tarakimu hizo sita hukufikisha kwenye mraba wa mita mia kwa mia. Hatua hii inachosha lakini haina mbadala. Milima inayoitwa Beinn Mhòr au Ben More ni mingi, kila mmoja na habari zake, na daftari lisilo na namba za gridi likifika mikononi mwa mtu mwingine litamchanganya tu.

Andika kwa penseli. Mvua ya huku haina kishindo cha masika yetu. Huning'inia hewani kutwa nzima na wino wote ukayeyuka. Na ukienda miezi ya Juni hadi Agosti beba cha kujifunika uso, kwa maana visubi wa mabondeni huwa makundi kwa makundi na hutaweza kusimama mahali pamoja kuandika.

Zoeza sikio kabla ya jicho

Hapa Mswahili ana mtaji ambao majirani zangu Waingereza hawana. Ile ch ya loch ni kh ya Khamisi na sabalkheri, jinsi wazee wa pwani wanavyoitamka. Na dh au gh ya Kigaeli, ikiwa jirani na a, o au u, ni gh yetu ya ghali na lugha, ile ile bila kupunguza. Creag Dhubh, mwamba mweusi, hutamkwa karibu na "kreg ghuu". Jihadhari na macho, yatakushawishi uisome kama dh ya dhahabu. Vilevile th ya Kigaeli haina uhusiano na th ya thamani; ni h tu, na pengine haisikiki kabisa. Bh na mh mara nyingi ni v, ph ni f, fh hunyamaza. S ikikaa karibu na e au i huwa sh.

Kwa hiyo fanya hivi: mtu anapolitaja jina, andika kwanza ulichosikia kwa herufi za Kiswahili, kabla hujatazama ramani. Tahajia yetu huandika kinachotamkwa, na kwa kazi hii ni chombo bora kuliko tahajia ya Kiingereza. Ukitazama ramani kwanza, utasikia kile unachokiona.

Mfano ninaoupenda ni Coire an t-Sneachda, bonde la nusu duara chini ya mlima wa Cairn Gorm. Wapanda barafu wanaolijaza kila msimu wa baridi huliita "snekta". Lakini katika Kigaeli ile t huizima s inayoifuata, na n huteleza kuwa r, hivyo msemaji akilitaja unasikia kitu kama "korye an trekhka". Aliyesikia "snekta" peke yake hawezi kujua kwamba mwenyeji anapotaja "trekhka" anazungumzia mahali hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo sikio lazima lilizoee: mwanzo wa neno hubadilika. Beinn ni mlima, lakini "ule mlima" ni a' bheinn, na b imekuwa v. Mòr ni kubwa, lakini mlima mkubwa ni beinn mhòr, "ben voor". Ndiyo maana ramani zilizoandikwa Kiingereza zina v nyingi. Ben Vrackie, juu ya mji wa Pitlochry, ndani ya v yake mna b ya breac, yaani madoadoa. Ukikuta v kwenye jina lililoandikwa Kiingereza, uliza kama nyuma yake hakuna b au m.

Kaa na mwenye lugha

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wa Kigaeli wapatao 57,000 katika Uskoti yote. Visiwani, hasa Lewis, Harris, Uist na sehemu za Skye, utawapata bila shida. Bara, mabonde mengi yalikwisha nyamaza, na huenda mtu wa mwisho aliyejua majina ya vijito vyake alifariki zamani. Kwa mabonde hayo kuna hazina ya sauti: tovuti ya Tobar an Dualchais ina rekodi nyingi zilizokusanywa na School of Scottish Studies, idara ya Chuo Kikuu cha Edinburgh iliyoanzishwa mwaka 1951. Unaweza kumsikia mvuvi au mchungaji wa miaka ile akitaja majina kwa kinywa chake.

Ukibahatika kupata mzee aliye hai, nenda kwa adabu. Kigaeli kina "thu" ya rika na watoto, na "sibh" ya mkubwa, nasi tuliolelewa na shikamoo hatuhitaji kufundishwa umuhimu wake. Ciamar a tha sibh, hamjambo. Tapadh leibh, asanteni. Huenda ukaulizwa swali la zamani la visiwani, "Cò leis thu?", wewe ni wa nani? Lijibu vizuri, taja wazazi na kwenu. Hapo mazungumzo hufunguka kuliko ukianza na mashine ya kurekodi. Ruhusa ya kurekodi iombe waziwazi, na useme sauti itakwenda wapi.

Kuuliza jina la mlima unaouona mbele yako: "Dè an t-ainm a th' air a' bheinn sin?" Kisha usikimbilie kuuliza maana yake. Niliwahi kuuliza hivyo mara tatu mfululizo kwa siku moja, na mzee, kwa kutonivunja moyo, akanibunia majibu mawili kati ya matatu. Aliniambia mwenyewe wiki iliyofuata, na nilifuta kurasa mbili. Swali la maana humfanya mtu ajione yuko kwenye mtihani. Uliza badala yake: mlikuwa mkifanya nini pale? Nani alikutajia jina hilo? Ulikuwa umesimama wapi ulipolijua? Ng'ombe walikuwa wakipita upande gani?

Maswali hayo huleta vitu ambavyo kamusi haina. Kisiwani Lewis bado wako watu waliokwenda àirigh wakiwa watoto. Àirigh ni kambi ya malisho ya kiangazi, mbali na kijiji, ambako wanawake na wasichana walihamia na ng'ombe na kukamua huko huko. Ukisikia mwanamke mzee akitaja vidimbwi na mabonge ya ardhi kwenye nyika ambayo mgeni huiona tupu, utajua majina hayo yalitungwa na watu waliotembea usiku kumtafuta ndama. Wavuvi nao wana yao: kilele kinachoonekana kidogo ukiwa bondeni, ukiwa baharini ndicho kinachokuelekeza.

Tafuta maandishi ya zamani

Baada ya sauti, nenda kwenye karatasi. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani zake za kale kwenye tovuti, bure. Zilizo muhimu zaidi kwa kazi yetu ni ramani za Ordnance Survey za inchi sita kwa maili, toleo la kwanza, zilizopimwa Uskoti kati ya 1843 na 1882. Nyuma yake kuna ramani ya kijeshi ya William Roy ya 1747 hadi 1755, na nyuma zaidi michoro ya Timothy Pont ya mwishoni mwa karne ya 16. Tahajia za Pont ni za ajabu, lakini zimebeba matamshi ya watu waliofariki kabla mtu yeyote hajaanza kuyasawazisha majina.

Wapimaji wa Ordnance Survey waliacha pia vitabu vya majina, na hivi vinasomeka kwenye tovuti ya ScotlandsPlaces. Kila jina lina tahajia mbalimbali zilizotolewa, majina ya waliozithibitisha, na maelezo mafupi ya mahali. Visome kwa shukrani na kwa tahadhari. Waliosikilizwa zaidi ni wenye ardhi, wasimamizi wao, wachungaji wa makanisa na walimu. Mwanamke aliyelala àirigh majira kumi ya kiangazi ni nadra kumkuta humo. Kwa hiyo, kitabu cha majina kikipingana na sauti ya mwenyeji, yaandike yote mawili na usifute lolote.

Kwa tahajia ya Kigaeli inayokubalika leo, tazama hifadhi ya Ainmean-Àite na h-Alba, chombo kinachoshauri kuhusu majina ya Kigaeli ya mahali kote Uskoti. Kwa maneno yenyewe, kamusi ya Edward Dwelly, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1901 na 1911, bado ni pana ajabu kwa msamiati wa ardhi, na inapatikana mtandaoni.

Pasua jina

Sasa ndipo unapofungua jina, na hapa tena Kiswahili kinakusaidia. Mwingereza hutanguliza sifa. Kigaeli na Kiswahili hutanguliza kitu. Beinn mhòr, mlima mkubwa. Loch dubh, ziwa jeusi. Tena sifa ya Kigaeli hufuata jinsia ya nomino, kama yetu inavyofuata ngeli. Càrn ni neno la kiume, basi càrn mòr. Beinn ni la kike, basi beinn mhòr. Sisi tunaosema mlima mkubwa na kilima kikubwa hatuoni ajabu yoyote hapo.

Na "na" ya Kigaeli hufanya kazi inayofanana na "-a" yetu ya umilikishi: Bealach na Bà, pito la ng'ombe, ndiyo ile barabara inayopanda hadi mita 626 kabla ya kushuka Applecross. Lakini subiri. Bà hapo ni umoja, ng'ombe mmoja. Juu ya Loch Katrine kuna Bealach nam Bò, na hapo ni wingi. Kiswahili chetu kina neno moja, ng'ombe, kwa mmoja na kwa mia, kwa hiyo ukiandika "pito la ng'ombe" kwa majina yote mawili umefuta tofauti ambayo Kigaeli kiliitunza. Andika "pito la ng'ombe mmoja" na "pito la ng'ombe wengi", hata kama lugha inajikunja kidogo. Msomaji anayetaka uzuri atajitengenezea mwenyewe.

Maneno ya vilima ndiyo mengi, na kuyatafsiri yote kuwa "mlima" ni kuyaua. Meall ni donge, na kilima kinachoitwa meall mara nyingi kina umbo hilo, kimeviringika, hakina ncha. Sgùrr ni jabali lenye ncha kali, la aina inayojaa Skye. Stob ni kigingi. Cruach ni lundo, kama lundo la mboji iliyokatwa na kuanikwa iwe kuni. Càrn ni rundo la mawe. Cnoc, linalotamkwa karibu na "krokhk", ni kilima kidogo, na tom ni kidogo zaidi. Monadh ni nyanda za juu zisizolimwa. Coire, lile la Coire an t-Sneachda, ni sufuria kubwa: bonde la nusu duara lililochongwa na barafu, lenye kuta pande tatu. Nami sioni haja ya kutafuta neno la jiografia hapo. Nikiandika sufuria, msomaji anaona alichokiona aliyelitunga.

Viungo vya mwili vinaingia vizuri katika Kiswahili. Ceann ni kichwa, sròn ni pua, gualann ni bega, druim ni mgongo, sàil ni kisigino. Sisi wenyewe tunasema mgongo wa mlima na mdomo wa mto, na rasi yetu ilitoka kwenye neno la Kiarabu la kichwa. Cìoch ni titi, na vilele vyenye jina hilo ni vingi. Cìoch na h-Òighe, kisiwani Arran, ni titi la mwanamwali. Andika kilichosemwa. Kusini mwa Cairn Gorm kuna kilele cha mita 1,004 ambacho ramani hukiita kwa Kiingereza Devil's Point, yaani ncha ya shetani. Jina la Kigaeli ni Bod an Deamhain, na bod ni uume. Husimuliwa kwamba jina lilisitiriwa kwa ajili ya Malkia Victoria. Mimi naandika "uume wa shetani", na pembeni naongeza kwamba Kiingereza kilificha. Kustahi ni tabia njema mezani, lakini kwenye kumbukumbu ni kupoteza ushahidi.

Rangi

Hapa ndipo nilipokosea zaidi na ndipo nilipojifunza zaidi. Kigaeli hakikati rangi pale Kiingereza kinapokata, wala pale Kiswahili cha shuleni kinapokata. Gorm huitwa buluu, lakini majani mabichi yaliyonawiri nayo ni gorm. Glas ni kijivu chenye ukijani, na mlima wa majani hafifu huitwa glas bila shida. Liath ni kijivu cha mvi. Dearg na ruadh zote utashawishika kuziandika nyekundu, lakini ruadh ni wekundu wa kutu, wa mbweha, wa majani makavu ya vuli. Odhar ni rangi iliyofifia ya udongo, na niliposikia maelezo yake sikutafuta mbali: ni rangi ya maji ya kunde. Riabhach ni mabaka na milia, kama ngozi ya ng'ombe fulani. Wafugaji walitazama mlima kwa jicho lile lile walilotazamia mifugo, na yeyote aliyekulia kwa wafugaji wetu anajua jinsi ng'ombe mmoja anavyoweza kuwa na majina matano ya rangi.

Tazama Cairn Gorm wenyewe, mita 1,245. Jina lake ni An Càrn Gorm, rundo la mawe la buluu. Lakini safu nzima ya milima inayouzunguka, ambayo kwa Kiingereza imebeba jina lake, kwa Kigaeli ni Am Monadh Ruadh, nyanda za juu za rangi ya kutu. Ng'ambo ya mto Spey ziko nyingine, Am Monadh Liath, za kijivu. Ukisimama bondeni Aviemore jioni ukazitazama pande mbili, unaelewa kwamba majina hayo yalitolewa pamoja, la huku kwa kulitofautisha na la kule: mawe mekundu ya matale upande mmoja, ukijivu upande wa pili. Na ule mlima mmoja ni gorm kwa anayeutazama kutoka mbali, hewa ikiwa kati yao.

Kwa hiyo kanuni yangu ya rangi ni kuandika neno la Kigaeli, kisha kitu chenye rangi hiyo. Usiandike "nyekundu" ukaishia hapo. Andika "ruadh, wekundu wa kutu".

Nenda ukasimame pale

Maana yoyote uliyoipata kwenye karatasi ni dhana mpaka uitazame ardhi. Nenda katika majira tofauti ukiweza. Buachaille Èite Mòr, mlangoni mwa Glencoe, ni mchunga ng'ombe mkubwa wa Etive. Kaa chini yake uone jinsi unavyosimama mbele ya mabonde kama mtu anayezuia kundi. An Teallach ni tanuri la mhunzi. Meall a' Ghiubhais, donge la msonobari, liko karibu na mlima wa Beinn Eighe, na misonobari ya kale bado imesimama chini yake kando ya Loch Maree. Kwingine utakuta jina la mti kwenye mteremko mtupu. Hilo pia liandike, kwa sababu jina limekuwa shahidi wa msitu uliokwisha.

Karibu na hapo kuna somo jingine. Kijiji cha Kinlochewe, Ceann Loch Iù, maana yake ni kichwa cha Loch Ewe. Lakini ukisimama kijijini, ziwa lililo mbele yako ni Loch Maree. Loch Ewe ni mkono wa bahari, kilomita nyingi kaskazini-magharibi. Jina halikukosea. Ziwa ndilo lililobadilishiwa jina, likapewa la mtakatifu Maol Rubha, na kijiji kikabaki kimeshika lile la zamani. Mtu aliyekaa na kamusi nyumbani asingeliona hilo.

Majina huhama pia. Lochnagar ni mlima, ingawa jina lake linaanza na loch: umeazima jina la kiziwa kilicho chini ya magenge yake, na jina lake la Kigaeli, Beinn Chìochan, mlima wa matiti, likasahauliwa na wengi. Ukikuta neno la maji juu ya kilele, tafuta maji.

Yanayovaa nguo za Kigaeli

Si kila jina linalotamkwa Kigaeli lilizaliwa Kigaeli. Visiwani na pwani ya magharibi walikaa watu wa Norwe kwa karne kadhaa. Jina likiishia kwa -bhal, kama Ròineabhal kisiwani Harris, mwisho huo ni fjall yao, mlima. Likiishia kwa -aigh, aghalabu ni kisiwa chao. Suilven, jabali la mita 731 linaloonekana na mabaharia kutoka mbali, limeunganisha neno lao la nguzo na beinn ya Kigaeli. Ukijaribu kulipasua kwa kamusi ya Kigaeli peke yake utapata "jicho", na utakuwa umekosea.

Mashariki kuna tabaka la Wapikti, watu wa kale waliokaa huko kabla ya Kigaeli, na ndugu zao wa lugha. Aber na Inbhir zote ni mlango wa mto, lakini Aber ni yao na Inbhir ni ya Kigaeli. Pit- ni kipande chao cha ardhi, na wasemaji wa Kigaeli waliielewa vizuri kiasi cha kuitafsiri: Pitlochry kwa Kigaeli ni Baile Chloichridh.

Majina ya mito mikubwa na milima mikubwa ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu ni ya zamani kuliko yote. Ben Nevis, mita 1,345, una maelezo mawili yanayorudiwa kila mahali: moja la mbingu, jingine la sumu. Wataalamu hawajakubaliana. Yaandike yote mawili kama simulizi, na kwenye nafasi ya uhakika weka alama ya chini.

Kadi

Kila jina lipate kadi yake. Yangu ya Coire an t-Sneachda iko hivi:

Jina kwenye ramani: Coire an t-Sneachda.
Mahali: NH 99 03, magharibi ya kilele cha Cairn Gorm.
Sauti: "korye an trekhka", kutoka kwa msemaji wa Lewis, si mwenyeji wa bonde, wapandaji husema "snekta".
Ni kitu gani: bonde la nusu duara lililochongwa na barafu, magenge nyuma, vidimbwi sakafuni.
Sehemu zake: coire, nomino ya kiume, sufuria, an t-, kibainishi, sneachda, theluji, katika umilikishi.
Neno kwa neno: sufuria ya theluji.
Mahali panavyosema: ukuta umeelekea kaskazini, theluji hudumu humo wakati miteremko ya jirani imekwisha kuwa mitupu.
Uhakika: wa juu.

Uhakika naugawa mara tatu tu. Wa juu ni pale sauti, maandishi na ardhi vinapokubaliana. Wa kati, viwili kati ya hivyo. Wa chini, kimoja, au simulizi peke yake. Na daima andika sauti ni ya nani kwa maana ya anakotoka, kwa sababu Kigaeli cha Lewis na cha Islay havisikiki sawa. Majina ya watu binafsi yaweke kwenye karatasi nyingine usiyoichapisha, isipokuwa wamekuruhusu.

Zikifika kadi kama thelathini, toa nakala. Moja ipeleke kwa chama cha historia cha mahali hapo. Visiwani kila wilaya karibu ina comann eachdraidh chake, na kile cha Nis, kaskazini ya Lewis, ni cha tangu 1977. Nyingine iwafikie waliokupa majina. Ichapishe kwa herufi kubwa na uache pambizo pana. Jirani yangu alipopokea yake alivaa miwani, akasoma kimya hadi ukurasa wa nne, kisha akaniomba penseli na kuongeza pembeni vijito viwili ambavyo ramani haina majina yake.